Chunjua Puani

Asubuhi hii, kabla sijatia hamri la kwanza kinywani, mamake bibi harusi wa Jumamosi kanipigia simu. Salamu hakuna. "Mwanangu ana chunjua?"

Nikamwambia la, mama, mwanao uso wake kama yai lililomenywa.

"Basi hili doa jeusi puani ni la nani?"

Doa ni langu. Lilipanda kamera yangu huko Voi, likaja mpaka Mombasa bila kulipa nauli, likaingia harusini bila kadi. Limekaa juu ya sensa ya kamera, kile kibati cha ndani kinachonasa picha (si ile ya kuhesabu watu), kwa hiyo katika picha zote 312 liko pahali pamoja, kulia kidogo, juu kidogo. Wanaosogea ni watu. Akisimama bibi harusi hapo, ana chunjua. Akisimama bwana, kanzu yake nyeupe ina tundu. Na harusi zetu mnazijua, kila kitu cheupe.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, na wa akika, na wa vitambulisho mwezi ukikaza. Ugonjwa wangu wa siri ni magari ya zamani. Nimelelewa kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot 404, kati ya gunia la nazi na shangazi. Kwa hiyo niliposikia Safari Classic itapita pande za Taita, akili ilinitoka. Mbio hizi za magari ya kale zilianza 2003, miaka 50 baada ya ile Safari ya kwanza ya 1953, iliyofanywa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Yaani yeye huko London kavikwa taji, sisi huku tukagaiwa vumbi, na bado tunagaiwa.

Nikatoka Mwembe Tayari kabla ya adhana. Konda aliapa basi ni la moja kwa moja. Likasimama Mariakani, likasimama Samburu, likasimama Maungu, likasimama na pahali pasipo jina, akashuka mtu na mbuzi wake. Bodaboda wa Voi aliliona begi la kamera akanitoza bei ya Mzungu. Chai niliyouziwa huko sitaki hata kuizungumza.

Nikachagua kona nzuri ya barabara ya udongo, makonge upande huu, vichaka upande ule. Nikavaa koti langu la mifuko 14. Mifuko 13 haina kitu, lakini watu walinipisha, na mama mmoja akaniita "bwana wa televisheni". Sikumkatalia. Kijana mwenye filimbi na kizibao cha kung'aa akaturudisha nyuma hatua kumi. Akaja mwenzake akatusogeza mbele tano.

Chini ya mgunga, palepale nilipopataka mimi, alikuwa amekaa mzee juu ya dumu la lita 20, kofia ya sufu kichwani na jua lile, redio isiyo na betri mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa."

"Hata gari la kwanza halijapita, mzee."

"Umechelewa miaka 40."

Hapo ndipo ningebeba vyangu nikahama. Adabu za mama yangu zikanikalisha.

Tukakaa. Nikapima mwanga, nikafunga lenzi yangu ndefu, ile niliyoinunua kwa harusi sita na talaka nusu. Mzee akainua kidole. "Porsche."

Mimi nasikia nzi tu. Ikapita dakika nzima, kisha kweli, mbali kule, kitu kama msumeno unaopasua mbao mbichi. Nikainama kwenye kamera. Vumbi jekundu likachomoza juu ya makonge, msumeno ukakaribia, nikashika pumzi, kidole kwenye kitufe, na mzee akanivuta mkono wa shati. "Unamjua Joginder?"

Sasa, mtu mzima akikuuliza swali, unamjibu umempa mgongo? Nikageuka. "Namjua, mzee. Joginder Singh, Simba wa Kenya."

"Kashinda Safari mara tatu!" akasema. "1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Lancer. Na ile Volvo ilikuwa mtumba!"

Nyuma yangu Porsche ikapita. Niliijua kwa mawe yaliyonipiga kisogoni. Nikafyatua picha 12 za vumbi na moja ya kiwiko cha mzee.

"Ilikuwa nzuri hiyo," mzee akasema. "Umeiona?"

Kidole kikapanda tena. "Datsun." Safari hii nikajiapiza, hata akizimia. Hakuzimia. Alisubiri gari liingie kwenye kona ndipo akasimama mbele ya lenzi, mikono kiunoni, kunieleza habari ya 1973. Kwamba Shekhar Mehta na Källström, wote kwa Datsun, walimaliza na adhabu sawasawa, hata dakika isizidi, ikabidi iangaliwe nani alifika mbali zaidi kabla ya kuanza kuadhibiwa. "Ni nani?" akaniuliza.

"Mehta, mzee. Tafadhali, gari."

"Mehta!" Akanipa mkono, tukashikana. Datsun ikapita katikati ya pongezi zetu.

"Na 1968 gari zilizofika mwisho ni ngapi?"

"Saba, mzee."

"Saba tu! Kwa nini?"

"Matope."

Akaninunia, kama nimemlia tonge lake. Enzi hizo Safari ilikuwa ya Pasaka, mvua zikianguka, magari yakisukumwa na kijiji kizima. Alitaka kuyasema mwenyewe yale matope. Nami, kwa kumbembeleza, nikafanya ujinga ambao leo unanigharimu. Alisema, "Hicho kirefu ni cha kupigia ndege. Gari liko hapa. Toa." Nikatoa.

Ndiyo. Miaka yote nashika kamera, vijana wawili nimewafunza kazi, na neno la kwanza ninalowaambia ni usifungue kamera penye upepo. Nikaifungua. Iko mdomo wazi mkononi, lenzi moja kwapani, nyingine mdomoni kwa kamba yake, mzee akasema "Escort", na Escort ilikuwa imeshafika. Ilikata kona kiubavu, ikatumwagia nusu ya Taita. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa udongo uleule, lakini wao hujipaka kwa hiari.

Vumbi lilipotua, nikasikia sauti juu ya mti. "Anko, umeipata?"

Mtoto wa miaka kumi hivi, simu ya babake, kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Akanionyesha. Escort nzima, magurudumu mawili hewani, jiwe moja likielea peke yake kwenye mwanga, dereva ametoa ulimi. Nikamuuliza umetumia spidi gani. "Nimefinya tu."

Nimefinya tu! Na mimi mkopo wa lenzi ile haujaisha. Chama kinanidai, mwenye nyumba ananidai, natembea na begi la kilo tisa linaloniua bega, mtoto amefinya tu! Nikamwomba anitumie ile picha. Akasema hana bando.

Nilirudi usiku. Mfereji wetu ulitoa maji mara ya mwisho lini, ulizeni majirani, mimi nimesahau. Yule wa mkokoteni alinitazama, akaona ule wekundu, akapandisha bei ya dumu palepale, eti "kaka, wewe ni madumu manne". Tukabishana mpaka tatu, naye ana kawaida ya kutojaza mpaka shingoni, nilimwambia hilo tangu Ramadhani, akaapa ni dumu lililobonyea…

Ngojeni, simu. Ni mamake bibi harusi. Sipokei. Nimeshafuta machunjua 61, moja moja, yamebaki 251, na mahamri yamepoa.

Sasa ametuma ujumbe: "NA SHEHE PIA???"