Kompany: beki wa kati asiyetaka timu yake irudi nyuma

Mei 2024 Burnley ilishuka daraja kutoka Ligi Kuu ya England, na mwezi huohuo kocha aliyeshuka nayo akatangazwa kuwa kocha wa Bayern Munich. Wengi walisema Bayern imeishiwa makocha wa kuchagua. Xabi Alonso alishaamua kubaki Leverkusen, Julian Nagelsmann aliongeza mkataba na timu ya taifa ya Ujerumani, na Ralf Rangnick hakutaka kuiacha Austria. Aliyebaki ni Vincent Kompany, aliyetoka kumaliza nafasi ya 19 England akiwa na pointi 24. Ubishi kuhusu uwezo wake haujaisha hadi leo, na kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyokubali.

Kama mchezaji hana wa kumbishia. Ni mtoto wa Brussels ambaye baba yake, Pierre, mzaliwa wa Bukavu, aliingia Ubelgiji mwaka 1975 akiwa mkimbizi. Alianza Anderlecht akiwa na miaka 17, akapita Hamburg, na mwaka 2008 akatua Manchester City. Huko alicheza mechi 360 na kubeba ubingwa wa ligi mara nne. Mashabiki wengi wanakumbuka kombora lake dhidi ya Leicester Mei 2019. Mimi namkumbuka zaidi kwa namna alivyokaba. Hakuwa beki wa kusubiri. Alitoka kwenye nafasi yake na kumfuata mshambuliaji kabla hajageuka, na nyuma yake palibaki uwazi ambao alikuwa na hakika hautamgharimu.

Falsafa yake ya ukocha imetoka humo. Timu inakabia juu, mabeki wanasogea hadi katikati ya uwanja, kila mmoja na mtu wake, na mpira unaanzishwa kwa pasi fupi hata presha ikiwa kubwa. Sean Dyche, ambaye naye alikuwa beki wa kati, aliiongoza Burnley kwa karibu miaka 10 kwa imani iliyo kinyume kabisa: kaa nyuma, linda boksi, piga mpira mrefu. Mwaka 2018 alimaliza wa saba na kuipeleka klabu hiyo ndogo Ulaya. Kwa hiyo anayedhani beki akiwa kocha lazima apaki basi, Burnley imeonyesha njia zote mbili.

Msimu wa kwanza wa Kompany Burnley, 2022/23, katika daraja la pili la England, ulikuwa wa raha tupu. Walipanda daraja wakiwa na mechi saba mkononi, wakamaliza na pointi 101. Ubingwa wenyewe waliuchukulia nyumbani kwa watani wao, Blackburn. Kisha ikaja Ligi Kuu.

Wanaomtetea wanasema alinyang'anywa kikosi. Ni kweli kwamba Nathan Tella, Ian Maatsen na Taylor Harwood-Bellis walikuwa wa mkopo na hawakurudi, na waliosajiliwa kuziba mapengo walikuwa vijana wasioijua ligi hiyo. Lakini utetezi huo unaishia njiani. Burnley ilishinda mechi tano tu kati ya 38 na kufungwa mabao 78, na baadhi ya mabao hayo yalitokana na mfumo wenyewe. Aprili 2024, ndani ya mechi mbili mfululizo, kipa Muric alichelewa na mpira hadi Calvert-Lewin wa Everton akauzuia ukaingia wavuni, kisha dhidi ya Brighton akaacha pasi ya kurudishiwa ipite chini ya mguu wake. Timu inayopigania kubaki haiwezi kumwachia kipa mzigo huo kila wiki. Kocha aliona, na hakubadilika vya kutosha. Lawama hiyo ni yake, na sioni haki kuwatupia vijana wale. Msimu uliofuata Scott Parker aliipandisha tena Burnley ikiwa imeruhusu mabao 16 tu katika mechi 46. Daraja lilikuwa la chini, sawa, lakini alionyesha kuwa klabu ile inaweza kujilinda.

Upande wa pili wa mizani ni Ujerumani. Msimu wake wa kwanza Bayern ilirudisha ubingwa kwa pointi 82, ikafunga mabao 99 na kufungwa 32. Harry Kane akapata taji lake la kwanza. Kuna wanaosema Bayern inaweza kutwaa ubingwa na kocha yeyote. Hoja hiyo siikubali: msimu mmoja tu kabla yake, Kane huyohuyo akiwepo, Bayern ilimaliza ya tatu chini ya Thomas Tuchel, ambaye tayari alikuwa ametwaa Ligi ya Mabingwa. Msimu wa 2025/26 Kompany akauanza kwa ushindi 16 mfululizo katika mashindano yote, na Oktoba klabu ikamwongezea mkataba hadi 2029.

Hata hivyo, ubingwa wa Ujerumani hautoshi kuwanyamazisha wanaomtilia shaka. Barcelona ilimpiga 4-1 Oktoba 2024 kwa kukimbilia uwazi ule ule nyuma ya mabeki. Inter ikamtoa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2025 kwa jumla ya 4-3, ingawa hapo alikosa Neuer, Musiala, Davies na Upamecano kwa majeraha, na kumhukumu kwa mechi hizo ni kumwonea.

Kilichonifanya nianze kumwamini ni mechi ya PSG jijini Paris, Novemba 2025. Luis Díaz alifunga mabao mawili kisha akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na Bayern ikacheza kipindi chote cha pili pungufu dhidi ya mabingwa wa Ulaya. Ilirudi nyuma, ikaziba boksi, ikashinda 2-1. Kompany wa Burnley sidhani angekubali kucheza hivyo. Wiki tatu baadaye Arsenal ikamfunga 3-1, na bao la mwisho Martinelli alilipata baada ya Neuer kutoka mbali na lango lake kuziba uwazi. Kwa mtazamo wangu amejifunza kujihami pale anapolazimika. Pale anapoweza kuchagua, na hasa anapokuwa nyuma kwa bao moja ugenini, bado anacheza kama yule beki wa City, na Bayern italazimika kuamua mapema kama inamtafutia mabeki wenye kasi ya kutosha au inamtaka apunguze kukabia juu.