Skrini inayozima mara 240 kwa sekunde: macho yanaumia kweli au tunaisingizia simu?

Skrini nyingi za OLED, zile ambazo kila kitone huwaka chenyewe, hazipunguzi mwanga kama chemli inavyopunguzwa utambi. Ukivuta mwangaza chini, vitone vya skrini havififii. Vinaendelea kuwaka kwa nguvu, ila vinazimwa na kuwashwa mfululizo, haraka kiasi kwamba jicho linachanganya mwanga na giza na kuona kitu kimoja kilichofifia. Mbinu hiyo ndiyo inayoitwa PWM. Kwenye simu nyingi za Samsung, na kwenye iPhone X iliyotoka 2017, kasi yake ni takriban mara 240 kwa sekunde, yaani 240 Hz. iPhone za Pro zilizofuata zilifika karibu 480. Kwa 240 Hz, mzunguko mmoja wa kuwaka na kuzima unachukua milisekunde 4.17. Mwangaza ukishushwa hadi robo kwa njia hii, skrini inawaka milisekunde moja hivi, inakaa gizani zaidi ya tatu, halafu inarudia.

Wapo wanaosema hapo ndipo yanapotoka maumivu ya kichwa, macho kuwaka moto na kichefuchefu wanachokipata nusu saa baada ya kushika simu mpya. Wapo wanaosema ni hofu ya mtandaoni tu, kwamba mtu huyo anahitaji miwani na usingizi. Kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyotaka kukubali. Tatizo ni kwamba mabishano mengi yanazunguka namba moja tu, ile ya Hz, na namba hiyo peke yake haitoshi kuamua lolote.

Tuwatendee haki watengenezaji kwanza. Hawazimi na kuwasha skrini kwa uzembe. OLED ikilishwa umeme kidogo sana, vitone vyake haviitikii sawasawa: kijivu kinaelekea kwenye kijani au waridi, na kwenye giza kunatokea mabaka kama ukuta uliopakwa rangi mkono mmoja. Kwa mipigo, umeme unabaki katika kiwango ambacho skrini ilipimwa kiwandani, na rangi hazihami. Njia ya pili, ya kupunguza umeme wenyewe bila kuzima, huitwa DC dimming. OnePlus 7 Pro ya 2019 ilikuwa miongoni mwa simu za mwanzo kuitoa kama chaguo la majaribio, na waliolijaribu waliuona mapema ubaya wake: mwangaza ukiwa chini, rangi zinaharibika. Kwa hiyo mtengenezaji anapochagua PWM anachagua picha nzuri. Swali ni nani anayelipa gharama.

Upande wa wanaolalamika una ushahidi wa zamani kuliko simu janja zenyewe. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa ofisini chini ya taa za tyubu. Kundi moja la taa lilikuwa na choki na stata za kawaida, ambazo kwa umeme wa 50 Hz hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jingine lilikuwa na kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi kwa takriban 32,000 Hz. Wafanyakazi hawakuambiwa wako chini ya taa ipi. Maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu chini ya taa za kasi kubwa. Hakuna aliyekuwa akiona taa ikichezacheza. Mwili ulihisi kitu ambacho jicho halikukiripoti.

Halafu kuna suala la kusoma. Jicho lililotulia hushindwa kutambua kuwaka na kuzima kunapopita mara 60 hadi 90 kwa sekunde, na wengi hutumia namba hiyo kufunga mjadala. Lakini msomaji hatulizi jicho. Linaruka kutoka neno hadi neno na kutoka mstari hadi mstari, na wakati wa mruko kila mpigo wa mwanga unaangukia sehemu tofauti ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Utafiti uliochapishwa 2015 katika jarida la Scientific Reports ulionyesha kwamba watu wanaweza kutambua kuchezacheza hadi 500 Hz iwapo picha ina kingo kali. Maandishi meusi kwenye ukurasa mweupe ni kingo kali tupu.

Upande wa pili unajibu, na jibu lake si la kupuuzwa. Ushahidi mwingi unaotajwa ni wa taa zinazojaza chumba kizima. Simu yenye upana wa sentimita 7 na urefu wa 15, ikishikwa sentimita 35 kutoka usoni, inachukua nyuzi 11 hivi kwa 24 za eneo la kuona, na pembeni yake kuna ukuta na meza ambavyo havizimi. Pia kutambua si kuumia: mtu anaweza kuona vivuli vya mwanga maabara na asipate maumivu yoyote. Zaidi ya hayo, dalili zinazotajwa ni zilezile za macho makavu, za miwani isiyofaa, na za mtu aliyepita miaka 40 ambaye lenzi ya jicho lake imeanza kugoma kulenga karibu. Mtu anayetazama skrini hupunguza kupepesa kope kutoka mara 15 hivi kwa dakika hadi 5 au 7. Hiyo peke yake, kwa saa mbili mbele ya feni, inatosha kufanya macho yahisi mchanga. Na kuna hili ambalo waathirika hawapendi kulisikia: mtu akishaambiwa simu yake inazimazima, anaanza kujichunguza, na anayejichunguza hakosi maumivu.

Namba inayosaidia kuzipima hoja hizi ni ya pili, kina cha kuzima. Skrini ikishuka kutoka mwanga wote hadi giza kamili, kina ni asilimia 100. Ikishuka kidogo tu na kurudi, kina ni kidogo. Mwongozo wa IEEE 1789 wa 2015, wa jumuiya ya wahandisi wa umeme, ulioandikwa kwa ajili ya taa za LED, unaunganisha namba hizo mbili: kwa kasi inayozidi 90 Hz, zidisha Hz kwa 0.08 upate kina ambacho hatari yake ni ndogo. Kwa 240 Hz unapata asilimia 19.2. Kwa 480 Hz, 38.4. Kuanzia 1,250 Hz hata asilimia 100 inaingia kwenye hatari ndogo, na juu ya 3,000 Hz mwongozo hautarajii athari yoyote. Sasa chukua OLED ya 240 Hz usiku, mwangaza ukiwa chini kabisa: kina chake hukaribia asilimia 100, mara tano ya kikomo. Simu hiyohiyo mchana, mwangaza ukiwa juu, mara nyingi inakuwa na vijitundu vyembamba tu vya giza. Ndiyo maana mmoja anasema simu inamuua na mwenzake mwenye simu ileile anashangaa. Mmoja anasoma kitandani taa zikiwa zimezimwa, mwingine anaitumia kwenye daladala saa sita mchana.

Mwongozo huo si sheria, na watengenezaji wa taa waliulalamikia kwamba ni mkali mno. Hata hivyo unaonyesha kwamba simu ya 480 Hz si lazima iwe bora kuliko ya 240 Hz ikiwa kina chake ni kikubwa zaidi, na kwamba namba ya 3840 Hz wanayoitangaza Honor na wengine ina maana, kwa sababu inavuka mstari ambao kina hakijalishi tena.

Kupima ni rahisi. Tafuta simu ya pili yenye kamera inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ile sehemu ya Pro. Weka shata 1/4000 ya sekunde. Fungua ukurasa mweupe kwenye simu inayopimwa, shusha mwangaza hadi robo, zima mwangaza wa kujirekebisha, kisha itazame kupitia kamera ukiwa sentimita 15 hivi. Milia michache, minene na myeusi tii ni kasi ndogo na kina kikubwa. Milia mingi myembamba ni kasi kubwa. Ukiona mstari mmoja hafifu unaopita, huo ni wa skrini kubadilisha picha, si wa PWM. Kosa la kawaida ni kuacha kamera ijichagulie shata: kwa 1/60 ya sekunde kamera inakusanya mipigo minne ya 240 Hz katika picha moja na kuifuta milia yote, na mtu anatangaza simu yake ni safi. Rudia kipimo kwa mwangaza wa nusu na wa juu kabisa, maana majibu yatatofautiana.

Kamera ikiwa bado mkononi, ielekeze kwenye balbu ya chumba. Balbu nyingi za LED za bei ya chini zina kapasita (kifaa kinachosawazisha umeme) ndogo au hazina kabisa, na kwa umeme wetu wa 50 Hz zinafifia mara 100 kwa sekunde. Kwa mwongozo uleule, kikomo cha 100 Hz ni asilimia 8. Balbu kama hiyo inajaza chumba kizima, hivyo hoja ya wapinzani kuhusu ukubwa wa simu haiiokoi. Kuna watu wanaouza simu zao kwa hasara huku mkosaji ananing'inia darini.

Kujua kwamba simu inazimazima hakuthibitishi kwamba wewe inakuumiza. Simu ikiwa na chaguo la kuzuia PWM, jaribio la maana linawezekana. Xiaomi na OnePlus kadhaa wanaliweka ndani ya mipangilio ya skrini. Apple, kuanzia iPhone 17 yenye iOS 26, wameliweka kwenye Accessibility, sehemu ya Display & Text Size, kwa jina Display Pulse Smoothing, wakionya kwamba ubora wa skrini kwenye mwangaza mdogo unaweza kuathirika. Mwombe mtu wa nyumbani aliwashe au alizime kila jioni bila kukuambia, aandike pembeni, nawe uandike macho yalivyokuwa kabla ya kulala. Saa ileile, mwangaza uleule, muda uleule. Baada ya wiki mbili linganisheni. Rangi zinaweza kuvujisha siri kwenye mwangaza wa chini kabisa, basi tumieni robo. Kama jioni mbaya zimegawanyika sawa pande zote, nenda kwa daktari wa macho kabla ya kwenda dukani.

Simu isiyo na chaguo hilo bado ina njia. Wazo ni kuuacha mwangaza wa skrini wenyewe juu, ambako mapengo ya giza ni mafupi, kisha kuifanya picha iwe nyeusi zaidi kwa programu. Kwenye iPhone fungua Reduce White Point, ambayo ni kitia-giza cha picha, ndani ya sehemu ileile ya Accessibility, uzime Auto-Brightness iliyo chini ya ukurasa huo, mwangaza uweke asilimia 60 hadi 75, halafu ongeza kitia-giza mpaka macho yaridhike. Android 12 na zilizofuata zina Extra dim inayofanya kazi inayofanana. Gharama yake ni rangi: picha ikibanwa hadi robo, ngazi za kijivu zinapungua, na anga la jioni kwenye video linaanza kuonyesha ngazi badala ya kufifia taratibu. Kwa kusoma meseji na magazeti hakuna shida. Ukitoka juani itabidi uizime, vinginevyo huoni kitu.

Vichungi vya mwanga wa buluu havigusi jambo hili hata kidogo. Skrini ya njano inazimazima vilevile. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17 ya miwani ya kuchuja buluu, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa kipindi kifupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Muuzaji akikuuzia miwani hiyo kama dawa ya skrini, bakiza pesa yako.

Wapo wanaorudi LCD, skrini inayomulikwa na taa ya nyuma badala ya vitone kuwaka vyenyewe, na kwao iPhone 11 na SE ya 2022 zimebaki kuwa kimbilio. Simu nyingi za bei nafuu za Tecno, Infinix na itel ni LCD pia, hivyo sehemu kubwa ya watumiaji huku kwetu hawajawahi kukutana na tatizo la OLED, ingawa taa ya nyuma ya LCD nayo inaweza kuwa na PWM yake, kwa hiyo pima. Kuna na mlango wa nyuma: iPhone X iliyopasuka ikipelekwa kwa fundi, mara nyingi inafungwa kioo cha incell, yaani LCD ya kopi, kwa sababu ni rahisi kuliko OLED. Nyeusi inakuwa kijivu, chaji inaisha haraka kwa kuwa taa ya nyuma haizimi hata kwenye picha nyeusi, ila mipigo ya OLED imeondoka. Mtu wa aina hiyo akisema macho yake yalipona baada ya kubadilisha kioo, usimcheke.

Dukani, namba tatu huchanganywa kila siku. 120 Hz ni mara ngapi picha inabadilishwa. 240 Hz iliyochapwa karibu na neno touch ni mara ngapi skrini inasoma kidole. PWM ni nyingine kabisa, na mara nyingi haiandikwi hadi iwe kubwa ya kujivunia, kama 2160 au 3840. Hata ikiandikwa, wengine hutaja kasi inayotumika kwenye sehemu tu ya mwangaza, na kina hawakitaji. Kwa hiyo kabla ya kulipa, shusha mwangaza wa simu iliyo juu ya kaunta hadi robo, weka kamera yako 1/4000, na uhesabu milia mbele ya muuzaji.