Wasichana kivyao, wavulana kivyao: tunatenganisha kwa faida ya nani?

Kila matokeo ya form four yakitoka lazima atokee mtu aseme si mnaona, shule za wasichana peke yao ndo zinaongoza, basi tutenganishe zote yaishe. Na kweli, miaka ile kabla NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, hawajaacha kutangaza kumi bora mwaka 2023, majina yalikuwa ya akina St. Francis Girls ya Mbeya, Marian Girls, Canossa, Feza Boys, yaani za jinsia moja zilijaa. Lakini shule za aina hii mtoto anaingiaje? Anafanya usaili, wazazi wake wana uwezo wa ada, analala bweni, maabara ipo, walimu wa hesabu na fizikia wapo. Ukishamchuja mtoto hivyo halafu ukampa vyote hivyo, huwezi kuniambia kilichomfaulisha ni kutokuwepo kwa wavulana darasani.

Watafiti nao wameliona hilo. Mwaka 2014 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 184 kutoka nchi 21, wanafunzi kama milioni 1.6, na ukiangalia zile tafiti zilizofanywa kwa umakini, zilizozingatia mtoto katokea wapi, faida ya kutenganisha ilikuwa ndogo sana au haipo kabisa. Ila tuwe wakweli na upande wa pili. Trinidad na Tobago mwaka 2010 serikali ilichukua shule 20 zilizokuwa zinafanya vibaya, wanafunzi waliokuwa wanaanza wakaingia wa jinsia moja tu, walimu na bajeti vilevile, na matokeo yakapanda kwa wasichana na kwa wavulana pia, mimba za utotoni zikapungua na vijana kukamatwa na polisi kukapungua. Kwa hiyo anayesema kutenganisha ni ushamba tu hajaliangalia vizuri, inategemea ni shule gani na watoto gani.

Halafu kuna historia yetu wenyewe. Zanzibar shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa 1927, Tabora Girls ikaja 1928, na enzi zile ungesema binti aende akakae darasa moja na wavulana wazazi wengi wasingemtoa nyumbani kabisa, wangekataa na mjadala ungeishia hapo. Mabibi zetu waliosoma walipitia mlango huo. Hata leo wapo wazazi ambao bila shule ya wasichana mtoto anabaki nyumbani kusubiri posa, kwa hiyo hizi shule 26 za sayansi za wasichana, moja kila mkoa wa Bara, za SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha sekondari, mi naziunga mkono bila kigugumizi.

Na usalama jamani. Kenya, Julai 1991, shule ya mchanganyiko ya bweni ya St. Kizito kule Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku, wasichana 71 wakabakwa na 19 wakafa. Mzazi yeyote anayeijua habari hiyo akisema binti yangu simpeleki bweni la mchanganyiko, sina cha kumjibu. Ninachoweza kumuuliza ni kimoja, wale wavulana wangekuwa shule yao peke yao wangekuwa wamefundishwa nini kuhusu wasichana? Maana ukuta unamlinda binti mpaka siku ya kumaliza shule, baada ya hapo anakutana nao chuoni, kazini, kwenye ndoa, na hakuna aliyekaa na yule kijana akamfundisha kwamba mwenzake ni mtu. Hili shule nyingi za wavulana zinaliacha na linaniuma.

Tukija kwenye utambulisho mwingine mambo yanabadilika. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na hela ilifuata rangi, mtoto wa Kizungu alipewa nyingi mno kuliko Mwafrika. Mfumo huo ukafutwa kuanzia Januari 1962. Kisha sheria ya 1969 ikazifanya shule nyingi za madhehebu kuwa za serikali, na mtoto wa Moshi akajikuta anapangiwa Songea, Mkristo na Muislamu wanalala kitanda kimoja cha deka. Mi naamini ule mchanganyiko ulitusaidia kuliko hotuba zozote. Seminari ziendelee, ni haki ya watu kulea watoto kwenye dini yao, ila ikifika mahali kila dhehebu lina chekechea yake mpaka chuo kikuu chake, tutakuwa tumetengeneza watu wasiojuana.

Na kuna watoto wenye ualbino. Mauaji yaliposhamiri kuanzia kama 2006 na kuendelea, wengi walipelekwa shule kama Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi, na hapo hakukuwa na mjadala, walikuwa wanawindwa, ilibidi wafichwe wabaki hai. Lakini miaka ikaenda, wapo ambao likizo ilifika hakuna aliyekuja kuwachukua, kijijini wakasahaulika, na wale waliotakiwa kubadilika, majirani, waganga, ndugu wenyewe, hawakuguswa kwa sababu mtoto kashaondolewa mbele ya macho yao. Mabinti waliopata mimba nao tuliwaondoa shule miaka na miaka, mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu warudi, na aliyempa mimba mara nyingi hakuna aliyemwondoa popote. Ndo maana mtu akisema tenganisha, cha kwanza naangalia nani anahamishwa. Mara nyingi ni aliyeumizwa.

Sasa turudi shule za kata, huko ndiko waliko mabinti wengi, na nyingi ni za mchanganyiko za kutwa, na mjadala huu wote hauwagusi. Hatari ya binti wa kata haipo sana kwenye dawati la pembeni, ipo njiani, kilomita kadhaa asubuhi na jioni, bodaboda anampa lifti leo, kesho chipsi, keshokutwa anataka malipo. Au kapangishiwa geto karibu na shule, miaka 15, anajipikia mwenyewe, mlango hauna komeo la maana. Unaweza kutenganisha madarasa yote nchi nzima na huyu binti usimsaidie chochote. Anachotaka ni hosteli ndani ya eneo la shule, yenye uzio na matroni anayelala hapohapo, choo chenye maji na mlango unaofungika, na asubuhi aingie darasa moja na wavulana. Kama halmashauri ina hela ya kitu kimoja tu mwaka huu, iwe hiyo hosteli.