Wananchi Huitwa Lini? Uchambuzi wa Utoaji Vibali vya Vituo vya Taka Hatarishi Marekani

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1976 inayosimamia taka, ijulikanayo kwa kifupi kama RCRA, inamtaka yeyote anayeteketeza, kuzika au kutibu taka hatarishi awe na kibali, na kibali hicho hakitolewi kabla wananchi hawajapewa nafasi ya kutoa maoni. Juu ya hilo hakuna mabishano. Wanaobishana wanabishana kuhusu uzito wa nafasi hiyo. Kundi moja linaiona kuwa ngao pekee ya watu wasio na fedha wala wanasheria. Jingine linaiona kuwa njia ya kukwamisha vituo ambavyo taifa lenye viwanda haliwezi kuishi bila kuwa navyo. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yanagombea kiasi cha ushirikishwaji, ilhali kasoro kubwa iko kwenye wakati wake: wananchi huitwa mambo mengi yakiwa yamekwisha kuamuliwa, kisha husahaulika katika kipindi ambacho macho yao yangefaa zaidi.

Tuangalie utaratibu wenyewe. Mwombaji huwasilisha maelezo ya kitaalamu kuhusu aina za taka atakazopokea, ujenzi wa matanuri au mashimo, ulinzi wa maji ya chini ya ardhi, mpango wa dharura, na namna kituo kitakavyofungwa siku kazi zitakapokoma. Maelezo hayo hujaza majalada mengi. Maofisa wa Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, au wa jimbo lililokabidhiwa madaraka hayo, huyapitia, huuliza maswali, hurudisha, hupokea marekebisho, na mawasiliano hayo huweza kuchukua miaka. Mwishowe ofisi hutangaza rasimu ya kibali au kusudio la kukataa, na hapo ndipo wananchi hupewa muda usiopungua siku 45 kutoa maoni, pamoja na kikao cha hadhara ikiwa kutakuwa na maombi ya kukifanya.

Kabla ya mwaka 1995, kwa wakazi wengi tangazo hilo lilikuwa ndiyo habari ya kwanza rasmi. Mhandisi wa kampuni na mhandisi wa serikali walikuwa wamekwisha kuzoeana, kila kifungu kimejadiliwa na kukubaliwa, na mkazi anayesimama kikaoni kuuliza kwa nini tanuri lijengwe upande unakotoka upepo huonekana mtu wa kurudisha kazi nyuma. Kanuni iliyochapishwa Desemba 1995 ilijaribu kurekebisha hali hiyo. Sasa mwombaji hulazimika kufanya mkutano na wakazi kabla ya kuwasilisha maombi, na kuutangaza angalau siku 30 kabla kwa gazeti, kwa redio au televisheni, na kwa bango linaloonekana kwenye eneo la kituo au karibu nalo. Ofisi nayo hutakiwa kutangaza maombi yanapofika, na kutoa taarifa kabla ya majaribio ya kuchoma taka katika tanuri.

Ni hatua nzuri, lakini ina pengo. Mkutano huo wa awali unaendeshwa na mwombaji mwenyewe, na maofisa wanaotoa kibali hawalazimiki kuhudhuria. Hivyo wakazi huweza kutumia jioni nzima kumweleza hofu zao mtu ambaye hana mamlaka ya kuamua, na anayeamua akazipata baadaye katika muhtasari uliowasilishwa pamoja na maombi.

Wanaotetea ushirikishwaji mpana wana ushahidi mzito, na mimi naona ushahidi wao bora zaidi hautokani na hoja ya haki peke yake, bali na hoja ya ujuzi. Mwaka 1978 mafuta yenye PCB, kemikali za sumu za viwandani, yalimwagwa kinyume cha sheria kandokando ya barabara za North Carolina, na jimbo likaamua kuuzika udongo uliochafuliwa katika Warren County, wilaya ambayo wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani Weusi wenye kipato kidogo. Wakazi walisema kwamba maji ya chini ya ardhi yako karibu mno na usawa wa shimo. EPA, iliyotoa idhini kwa sheria nyingine inayohusu kemikali za sumu, iliruhusu jimbo lisifuate sharti la umbali kati ya sakafu ya shimo na maji hayo. Malori yalipoanza kuingia mwaka 1982, zaidi ya watu 500 walikamatwa katika maandamano. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ulionyesha kwamba mashimo matatu kati ya manne ya taka hatarishi katika majimbo manane ya kusini mashariki yalikuwa kwenye jamii zenye Weusi wengi. Baadaye maji yalikutwa yamejikusanya ndani ya shimo la Warren County, na jimbo likabeba gharama ya kuusafisha udongo ule ule lililosema umezikwa salama, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliokuwa wakielezwa kwamba wanaongozwa na hofu ndio waliokuwa wameisoma ardhi yao sawasawa.

Mfano wa Kettleman City, California, unaonyesha kasoro ya namna nyingine. Mji huo mdogo ulikuwa na wakazi ambao karibu wote walikuwa na asili ya Amerika ya Kilatini, na karibu asilimia 40 kati yao hawakuzungumza lugha nyingine zaidi ya Kihispania. Maili chache kutoka hapo palikuwa tayari na shimo kubwa la taka hatarishi, na mwaka 1988 kampuni inayoliendesha ilipendekeza kuongeza tanuri. Tathmini ya athari kwa mazingira ilikaribia kurasa 1,000, na ilitolewa kwa Kiingereza tu. Wakazi waliomba itafsiriwe. Hawakukubaliwa, na wilaya ikaidhinisha mradi. Mwaka 1991 mahakama ya California ilibatilisha idhini hiyo, na miongoni mwa sababu zake ilieleza kwamba kukosekana kwa tafsiri kuliwanyima wakazi ushiriki wenye maana. Mwaka 1993 kampuni ilijiondoa. Hapa kila hatua ya utaratibu ilikuwa na alama ya kutimizwa: tangazo lilitolewa, nyaraka ziliwekwa wazi, kikao kilifanyika. Kilichokosekana ni mtu aliyeathirika kuelewa kilichoandikwa, na bila hilo yaliyobaki ni makaratasi.

Upande wa pili nao haustahili kupuuzwa, ingawa mara nyingi husemewa na watu wenye maslahi. Taka hazitoweki kwa sababu kituo kimezuiwa. Vimumunyisho, mabaki ya rangi, tope la viwanda vya kupaka metali na dawa zilizopitwa na muda huendelea kuzalishwa kila siku, na zisipopokewa mahali palipojengwa kwa ajili yake, hubaki katika mapipa kwenye maghala, husafirishwa masafa marefu zaidi barabarani, au huishia pasipojulikana. Love Canal, mtaa wa mji wa Niagara Falls ambako Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura mwaka 1978, ulijengwa juu na kandokando ya mfereji uliozikwa takriban tani 21,000 za kemikali enzi ambazo hapakuwa na kibali cha namna hii. Mara nyingi mkasa huo hutajwa na wanaopinga vituo vipya, lakini ukitazamwa vizuri unaunga mkono pia hoja ya wanaovitaka: uzikaji ule wa kiholela ndio hasa vituo vyenye masharti vinakusudiwa kuuondoa.

Massachusetts ilijaribu kuwaridhisha wote. Sheria yake ya mwaka 1980 ilimtaka mwekezaji ajadiliane na mji utakaopokea kituo, alipe fidia, akubali masharti, na pande zikishindwa kuafikiana, suala liende kwa wasuluhishi. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wenye busara. Kwa vitendo, hakuna kituo hata kimoja kilichojengwa kwa utaratibu huo. Kila mji ulipofikiwa ulitafuta njia ya kukataa, na mingine ikaona fidia yenyewe ni ushahidi kwamba kuna jambo la kuogopwa. Mtu anayeamini kuwa mazungumzo zaidi huleta makubaliano siku zote anapaswa kukaa na mfano huu kwa muda kabla ya kuendelea.

Kuna hoja nyingine inayowaumiza wote. Jamii zikipewa uwezo wa kukataa, hazitautumia kwa nguvu sawa, kwa kuwa zenye mawakili, muda na marafiki serikalini hukataa vizuri zaidi. Mwaka 1984 taarifa ya washauri iliyoandaliwa kwa ajili ya bodi ya taka ya California, kuhusu matanuri ya taka za kawaida, ilichambua ni watu wa aina gani wasioelekea kupinga, na ikawataja wenye kipato cha chini, wenye elimu ndogo na wazee. Kwa hiyo ushirikishwaji ule ule unaomlinda mkazi wa mtaa mmoja huweza kuisukuma taka hadi kwa jirani yake aliye dhaifu. Hakuna kikao cha mji mmoja kinachoweza kutibu jambo hilo, kwa sababu mji huulizwa kuhusu kituo kimoja tu, wala hauulizwi vituo vyote vigawanyweje katika jimbo zima.

Hapo ndipo mipaka ya kibali chenyewe inapojitokeza. Uchaguzi wa eneo kwa kiasi kikubwa uko mikononi mwa majimbo na serikali za mitaa. Kibali cha RCRA hujibu swali la kitaalamu, yaani kama kituo kinatimiza viwango. Mwaka 1995 bodi ya rufaa ya EPA, ikiamua shauri la shimo la taka katika Fort Wayne, Indiana, ilisema kwamba ofisi haiwezi kumnyima kibali mwombaji aliyetimiza masharti kwa sababu tu ya rangi au hali ya kiuchumi ya majirani, ingawa inaweza kuongeza masharti pale afya ya jamii hiyo inapohitaji ulinzi, na inaweza kupanua ushirikishwaji. Kisheria uamuzi huo unaeleweka. Kwa mkazi aliyeandika barua kuhusu malori yanayopita mbele ya shule, au kuhusu viwanda vingine vinne vilivyokwisha kuuzunguka mtaa wake, jibu la kwamba hoja yake iko nje ya wigo wa kibali ni sawa na kufungiwa mlango kwa adabu. Ameitwa kujibu swali asilokuwa nalo, na lile alilokuwa nalo limeshajibiwa kwingine bila yeye.

Je, basi ushirikishwaji uanze na eneo? Alberta, nchini Kanada, ilifanya hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jimbo liliziomba jamii zijitokeze zenyewe, likagharimia elimu na mikutano, na mwaka 1984 wapiga kura wa Swan Hills, mji mdogo uliotegemea mafuta, waliunga mkono kituo kwa karibu kura nne kati ya kila tano. Kituo kilifunguliwa mwaka 1987 na kikasifiwa kama ushahidi kwamba ridhaa inawezekana. Oktoba 1996 hitilafu ilivujisha PCB pamoja na dioksini na furani, kemikali nyingine zenye sumu kali, hewani, na serikali ikawaonya watu wapunguze kula nyama ya wanyama pori wa eneo hilo. Onyo hilo liliwagusa sana wawindaji, wakiwamo watu wa jamii za asili za Kanada wanaoishi kuzunguka misitu hiyo, ambao hawakuwa wapiga kura wa mji wa Swan Hills. Utaratibu wa Alberta bado naona ni bora kuliko ule wa Massachusetts, lakini uliuliza ridhaa ya wenye ajira na kusahau ya wenye mawindo.

Kwa upande wangu, kura ya turufu ya mji mmoja siiungi mkono, kwa sababu za haki nilizozieleza. Ninachokiunga mkono ni wananchi wa jimbo kushiriki mapema katika kupanga aina, idadi na mgawanyo wa vituo, na wakazi wa jirani kupewa fedha za kumwajiri mtaalamu wao wakati maombi yanapochambuliwa. Marekani ina ruzuku ya namna hiyo, ambayo mwanzoni huweza kufikia dola 50,000 kwa kundi, lakini imewekwa kwa ajili ya maeneo yaliyokwisha kuharibiwa na yanayosafishwa. Kumpa mkazi mtaalamu baada ya sumu kuingia kisimani, na kumnyima wakati shimo bado ni mchoro, ni mpangilio wa ajabu.

Na baada ya kibali kutoka, kazi haijakwisha. Kibali hudumu hadi miaka 10, na mwendeshaji akiwasilisha maombi ya upya kwa wakati, masharti ya zamani huendelea kutumika hata muda ukipita, mara nyingine kwa miaka mingi. Tanuri hutakiwa kuharibu asilimia 99.99 ya kemikali zinazopimwa, na asilimia 99.9999 kwa taka zenye dioksini, lakini viwango hivyo huthibitishwa katika majaribio yaliyopangwa, huku jirani akivuta hewa ya siku za kawaida, za kuwasha na kuzima, na za umeme kukatika. Vipimo vya siku hizo vikiwekwa hadharani kwa lugha za wakazi, na kamati yao ikiwa na haki ya kuingia na kukagua, ofisi itapata wakaguzi wanaoishi pale pale, na mwendeshaji atakuwa na wa kumjibu muda mrefu kabla tarehe ya kuomba kibali upya haijafika.