Picha ambazo hazikutoka

Mliokua na simu mkononi, nivumilieni nianze na maneno ya zamani. Picha ilipigwa, ikakaa gizani ndani ya mkanda, mkanda ukiisha ukapelekwa studio kusafishwa, na siku ya kuzifuata ndipo ulipoambiwa ngapi zimetoka na ngapi zimeungua. Mkanda wa kawaida ulikuwa wa picha 36. Ukiambiwa zimetoka 31, unalipa na kumshukuru Mungu. Zile tano hakuna anayeziulizia.

Mimi nimeziulizia, miaka 30 hivi baadaye, na zimenibadilisha kabisa namna ninavyowatumia watu picha za zamani.

Mkanda wenyewe ni wa Julai 1995. Bibi mzaa mama alikuwa amefariki Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Sisi wa Dar hatukuwahi mazishi, kwa hiyo tukawa tunakwenda arobaini. Tulikuwa watatu: Mama, mimi wa miaka 13, na marehemu mjomba wangu, aliyekuwa na kamera ya Yashica ya kuazima na mkanda mmoja tu. Angeweza kutupitisha Mbeya na Sumbawanga kwa basi. Akasema barabara ile itatuvunja migongo kabla hatujafika huko kulia. Tukapanda treni ya reli ya kati hadi Kigoma, na kutoka pale tukachukua meli.

Zile 31 zilibandikwa kwenye albamu, ile ya kurasa za gundi zenye nailoni juu. Ukiifungua leo, watu wote wamekuwa wekundu kama waliopakwa udongo wa kichuguu, na ukijaribu kubandua picha inachanika. Mkanda, wenye hata zile tano ambazo hazikutoka, kwa bahati Mama aliuacha kwenye bahasha ya studio ndani ya tranka, katikati ya vitenge. Una ukungu kidogo pembeni, basi. Hauhitaji mashine kuusoma. Niliwasha tableti ya mwanangu, nikafungua ukurasa mweupe mtupu, nikashika kipande cha mkanda juu yake, nikikiinua kidogo ili vinukta vya kioo visionekane, nikapiga kwa simu na kugeuza rangi, maana kwenye mkanda huwa kinyume. Ile rangi ya machungwa ya mkanda ikaondoka, na Mama akatokea akiwa na miaka 38, mweusi wa kawaida, si mwekundu.

Jambo ambalo sikulijua utotoni ni kwamba pembeni mwa mkanda huchapwa namba kiwandani: 1, 1A, 2, 2A, mpaka mwisho. Picha za karatasi unaweza kuzipanga utakavyo, na Mama alizipanga kwa uzuri: zilizopendeza mbele, nyingine nyuma. Mkanda haupangiki. Unafuata safari jinsi ilivyokwenda.

Na hapo ndipo nilipoumbuka. Kwa miaka yote nimekuwa nikisimulia kwamba Ujiji tulikwenda wakati wa kurudi. Nilikuwa na sababu nzuri pia: Mama alitoka Kirando hasemi neno, ndipo Mjomba akatupeleka kwenye ile miembe ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, ili dada yake achangamke. Nimeisimulia hadithi hiyo kwenye hitima ya Mjomba mwenyewe, watu wakatikisa vichwa. Mkanda unasema hapana. Ujiji ni namba 9 na 10, na meli inaanzia 12. Tulikwenda kabla, kwa sababu treni ilitufikisha Kigoma Jumanne na meli ilikuwa ya Jumatano jioni. Mjomba alikuwa anapoteza muda tu. Wema ule nilimtungia mimi.

Nilipomweleza Mama, alicheka sana. Akasema pia kwamba kule Ujiji waligombana kuhusu nauli ya teksi. Ukiitazama namba 10 ukishajua hilo, utaona dada amesimama chini ya mwembe, anatazama pembeni, hataki kumtazama kaka aliyeshika kamera.

Ndiyo maana nasema picha za safari zitumwe kwa mfuatano wake, mkanda mzima, zilizotoka na zisizotoka. Siku hizi mtu anachomoa picha moja nzuri kwenye albamu ya wazazi, anaandika "enzi hizo", anapata mioyo 40, kwisha. Picha moja haimbishii mtu. Unaisimulia utakavyo nayo inanyamaza. Picha 36 zilizofuatana zinakukatiza.

Chukua namba 3, stesheni ya Dodoma asubuhi. Imetikisika, lakini jukwaa lote limejaa mashati ya kijani. Baba mdogo alikuwa amebisha kwa wiki nzima kwamba tulisafiri 1994. Mashati yale yakamnyamazisha: ndio mwezi ule CCM ilipomteua Benjamin Mkapa pale Dodoma. Namba 4 ni kuku wa kuuziwa abiria kwenye stesheni ya Saranda, ameshikwa mguu juu mbele ya dirisha la behewa, na aliyepita njia ile hahitaji maelezo zaidi.

Namba 6 ni miguu. Studio hawakuisafisha, na siwalaumu. Kwenye stesheni moja askari alimwona Mjomba ameinua kamera, akamwambia hapa haparuhusiwi kupigwa picha. Wakati ule stesheni, madaraja na bandari vilikuwa kama kambi za jeshi. Mjomba akaishusha haraka, na kidole kikabonyeza. Kwa hiyo tunayo picha safi kabisa, yenye mwanga mzuri kuliko zote, ya viatu vya abiria wa daraja la tatu mwaka 1995: ndala zilizoliwa visigino, katambuga za tairi, mguu mmoja wa raba na mwenzake peku, na kigari cha waya cha kuchezea mtoto. Picha ya kupanga isingeyapata hayo, maana watu wakijua wanapigwa picha waliazima hata viatu.

Namba 12 hadi 19 ni meli. Kwa watu wa Kigoma na Rukwa sina haja ya kueleza Liemba ni nini. Mjomba alinieleza tukiwa sitahani, kwa fahari kana kwamba aliiunda yeye: kwamba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa ikaletwa vipande vipande kwenye makasha mpaka Kigoma na kuungwa upya, kwamba mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, na Waingereza wakaiibua 1924. Jina la Liemba lilikuja 1927. Namba 13 ni misumari mitupu ya chuma ubavuni mwa meli, maana alikuwa ananionyesha mahali vipande vilipoungwa. Kwenye albamu picha hii ilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, na kwa miaka yote nilidhani ni ukuta.

Namba 17 na 18 ni nyeusi. Nyeusi tititi, isipokuwa vidoa vya mwanga vinne kwenye moja na vitatu kwenye nyingine. Sijui nieleze vipi kwamba hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Vijiji vingi vya ziwa lile havikuwa na gati. Meli inasimama majini usiku wa manane, inapiga honi, na gizani unaona taa zinakuja. Mitumbwi inakimbilia ubavu wa meli, kila mmoja unataka kuwa wa kwanza, makasia yanagongana, watu wanaitana majina, gunia la dagaa linapanda huku mzee anashuka. Kuna mwanamke alikabidhi mtoto mchanga kwa mtu asiyemjua, juu kwenye mlango wa meli, halafu ndipo akatafuta mahali pa kushika apande mwenyewe. Mjomba alipiga mara mbili. Mweko wa kamera ile haukuweza kufika mbali hivyo. Vile vidoa ni taa za karabai za mitumbwi.

Nilizituma kwenye kundi la ukoo, nyeusi hivyo hivyo, na chini yake nikaandika hayo niliyoyaandika hapa. Ndani ya saa moja shangazi aliyeolewa Kasanga, kwenye ziwa lile lile, alituma sauti ya dakika saba. Dakika saba! Huyu ni mtu ambaye picha nzuri huwa anazijibu kwa dole gumba.

Sitaki mdhani wote walifurahi. Nilituma kipande kimoja kwa siku, picha nne nne, siku tisa mfululizo. Binamu mmoja aliniuliza ninawadai nini mpaka niwamalizie bando. Mwingine, kwa nia njema, aliipeleka namba 22 kwenye programu ya kusafisha picha zilizochakaa, akairudisha ikiwa inang'aa. Picha hiyo ni ya mama mkubwa akicheka kwenye ua wa nyumba ya Kirando. Programu ilikuwa imemziba mwanya. Mwanya ambao, kwa maelezo ya wote waliomjua, ndio uliomleta mumewe kutoka ng'ambo ya ziwa. Nilimwambia binamu aifute na aombe radhi. Ukungu na mikwaruzo mimi naivumilia, kwa sababu hakuna atakayeidhania kuwa ni uso wa mtu. Meno ya kubuni wajukuu watayaamini.

Na kuna moja sikuituma. Namba 27. Mama yupo kwenye mkeka, siku ya arobaini yenyewe, na uso wake si wa kuonyeshwa watu. Nilimuuliza, akasema: "Mkanda ni wa Mjomba, lakini uso ni wangu." Kwa hiyo siku ya saba niliandika: "27: ipo, haitumwi." Watu wakaelewa, na hakuna aliyeuliza. Mkanda mzima bado ni mkanda mzima ukiacha pengo ukalitaja. Nisichokipenda ni pengo lililofichwa.

Nimalizie na ile ambayo hata studio hawakuihesabu kati ya 36. Aliyewahi kuweka mkanda anakumbuka: unafunga mlango wa kamera, unapiga mbili za kupoteza ili kusogeza ile sehemu iliyokwisha kuona mwanga, ndipo unaanza namba 1. Stesheni ya Dar es Salaam, Mjomba alipomaliza kufunga alinipa kamera. "Bonyeza wewe, hii inaungua tu." Nikaielekeza kwake nikabonyeza, kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele yangu.

Ipo kwenye kipande cha kwanza, kabla ya namba 1. Upande mmoja ni mweupe mtupu, umeliwa na mwanga. Upande wa pili ni Mjomba kuanzia sikio, ameshika kifuniko cha lenzi kwa meno, mkono umeanza kunyooka kuidai kamera yake. Katika safari nzima hakuna picha nyingine yenye uso wake. Nyingine zote alikuwa nyuma ya kamera.

Mama aliitazama muda mrefu kwenye simu yangu, akaniambia nikamsafishie kubwa, ya ukutani. Nikamuuliza kama asingependa ile namba 14, ya vivuli vyao wawili, yeye na Mjomba, sitahani, ambayo angalau imetimia. Akasema ile anayo kwenye albamu miaka yote. Hii ndiyo kwanza anaiona.