Gobore linaoshwa kwa maji, acheni ubishi

Yani watu wazima kabisa bado wanasafisha gobore kwa oili. Juzi kwenye uwanja wa shabaha huku Pennsylvania kuna jamaa kapiga risasi chache tu na gobore lake la gumegume (linalowasha baruti kwa cheche za jiwe), inayofuata ikakwama katikati ya mtutu, haishuki haipandi, na yeye badala ya kutulia anagongelea mdeki (ile fimbo ya kushindilia) na nyundo huku anatukana baruti eti siku hizi wanauza takataka. Nikamuuliza mara ya mwisho ulilisafisha na nini, akanionyesha kopo la oili, tena kwa fahari. Basi kesi imeisha, baruti haina kosa.

Baruti nyeusi ni shura (saltpetre) kama asilimia 75, makaa 15, kiberiti (yaani salfa) 10, iko hivyo miaka na miaka, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki unga wa chumvichumvi. Sehemu inaondoka na ule moshi mweupe, sehemu inagandia ndani ya mtutu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Sasa chumvi inayeyushwa na nini, oili? Maji! Oili ya petroli ikikutana na ule uchafu na joto la risasi inayofuata ndo unapata utomvu mweusi mgumu ambao hata brashi ya shaba inauogopa. Halafu ile chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chini ya hiyo oili yako chuma kinaliwa taratibu na wewe umelala umeridhika.

Kwanza hakikisha halijashindiliwa: tumbukiza mdeki uone alama yake ya mtutu mtupu inaishia wapi (huna alama kwenye mdeki? Weka leo). Ziba tundu la moto (linalopitisha moto kwenda kwenye baruti) na kijiti, mimina maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, tikisa, mwaga. Yatatoka meusi tii yananuka yai viza, hiyo ni salfa, usikunje pua. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, kausha vizuri, hapo sasa ndo upake hiyo oili unayoipenda, na siku ya kupiga uifute kabla hujaweka baruti. Haya nimekubali, oili ina kazi yake. Na wanaosema maji yanaleta kutu nao wana kaukweli, hasa yale ya kuchemka, chuma kinashika wekundu unaangalia hivi hivi. Vuguvugu yanatosha bana.

Pyrodex, ile baruti mbadala? Ukoko unapungua ila kutu yake ni balaa, osha vilevile. Blackhorn 209, mbadala mwingine, ni kitu kingine kabisa, soma maelekezo ya mtengenezaji.

Na hili la ukoko sio jambo dogo la wastaafu wenye hobi. Risasi ya Minié ya 1849 ilifanywa nyembamba kuliko mtutu makusudi ili ishuke hata kukiwa na uchafu, halafu baruti ikilipuka risasi inatanuka kushika ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu. Bunduki ya Enfield ya 1853 ikaja na risasi zilizofungwa kwenye karatasi iliyopakwa mafuta ili zishuke kirahisi, askari wa Kihindi wakasikia mafuta ni ya ng'ombe na nguruwe, mwiko kwa dini zao, na karatasi yenyewe inachanwa kwa meno, mwaka 1857 India ikawaka (sababu zilikuwa nyingi, najua, msinijie juu). Na sisi Waafrika ndo tungepaswa kuwa mabingwa wa hii kitu, maana mkataba wa Brussels wa 1890 uliwabana wazee wetu wasiuziwe bunduki za kisasa, wakaachiwa gumegume na baruti ya kawaida. Wema ulioje.

Kinachonitia hasira zaidi ni hatari. Risasi iliyokwama juu ya baruti ikaacha nafasi katikati, ukifyatua mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Sio utani. Usiifyatue ili "itoke yenyewe", itoe kwa skrubu ya kuvutia risasi au kile kidude cha gesi kinachoisukuma nje.

Msimu wa kuwinda kwa gumegume wa baada ya Krismasi huku Pennsylvania hewa ni kavu, ukoko unakauka unakuwa mgumu kuliko wa Agosti, kwa hiyo kila ukipiga pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo halafu kikavu. Kidogo nimesema! Ukikilowesha maji yanakusanyika kule nyuma, baruti haishiki, halafu utakuja kuniambia jiwe ndo bovu.