Kusomea barafu ya Mirihi katika jiji la mgao wa maji

Mwambie mzazi wa Kayole kwamba binti yake anataka kusomea barafu ya Mirihi, na atakukata kauli papo hapo: ya hapa kwetu mmeyamaliza? Ni swali la haki. Nairobi hunywa kwa sehemu kubwa maji ya bwawa la Ndakaini, kule Murang'a. Mvua ikikawia mgao unakaza, mitungi ya lita 20 inapanga foleni, na wenye mikokoteni wanapandisha bei wanavyotaka.

Hata hivyo, hoja hiyo ina kasoro. Inachukulia kwamba fedha za Mirihi zingechimba kisima Mukuru. Hazingechimba. Roboti ya Perseverance, iliyotua Mirihi Februari 2021, iligharimu takriban dola bilioni 2.7, na mzigo mkubwa ulibebwa na mlipa kodi wa Marekani. Data za vyombo hivyo hatimaye huwekwa wazi kwa yeyote. Mwanafunzi aliye bewa la Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, anahitaji kompyuta yenye nguvu, bando, na mwalimu anayejua anachokitazama. Huyo mwalimu ndiye adimu.

Pingamizi zito ni la ajira. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa 2017, na setilaiti yetu ya Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, ilitengenezwa itazame chini: mashamba, misitu, mafuriko. Mwenye shahada ya uzamifu katika barafu ya sayari nyingine ataajiriwa na nani hapa? Ataenda Arizona au Roma, na ada tuliyochangisha kwenye harambee itakuwa imesomesha mtaalamu wa watu wengine. Sijasikia mtetezi yeyote akilijibu hili vizuri. Wengi hukimbilia kusema kwamba utafiti wa anga huzaa teknolojia za nyumbani, hoja ambayo naona imetiwa chumvi mno.

Utetezi ulio bora uko Turkana. Septemba 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kwamba chini ya bonde la Lotikipi kuna hifadhi kubwa ya maji, takriban mita za ujazo bilioni 200, iliyotafutwa kwa picha za setilaiti, rada na vipimo vingine. Magazeti yalisherehekea. Baadaye maji yaliyochimbuliwa yakapimwa, yakakutwa na chumvi nyingi kiasi cha kutofaa kunywewa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Maji yalikuwepo, ila si yale tuliyokuwa tumekwisha kuyanywa kichwani.

Sasa linganisha na Mirihi. Julai 2018 wanasayansi wa Italia walichapisha matokeo ya rada ya MARSIS, iliyo kwenye chombo cha Ulaya cha Mars Express. Picha ya rada haina mvuto wowote: ni ukanda wa kijivu, juu yake mstari wa uso wa sayari, chini mistari hafifu ya matabaka. Karibu na ncha ya kusini, kilomita 1.5 hivi chini ya barafu, mstari mmoja uling'aa kuliko kawaida kwa upana wa kilomita 20. Wakasema huenda ni ziwa la maji ya chumvi. Mwaka 2021 wenzao wakajibu kwamba aina fulani ya udongo wa mfinyanzi, ukiwa na baridi kali, unaweza kung'aa vivyo hivyo. Ubishi haujaisha, kwa kuwa hakuna wa kwenda kuchimba. Michirizi myeusi ya kwenye miteremko ya Mirihi nayo ilitangazwa 2015 kuwa dalili ya maji. Kufikia 2017 watafiti wengine walikuwa wakisema ni mchanga mkavu unaoporomoka.

Mara chache jibu hupatikana mbele ya kamera. Juni 2008 mkono wa chombo cha Phoenix ulikwangua mtaro mfupi kaskazini mwa Mirihi, vikabaki vipande vyeupe vyenye ukubwa wa dadu. Chumvi au barafu? Baada ya siku nne vipande vilikuwa vimetoweka. Chumvi haitoweki hivyo. Barafu ndiyo hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, maana kanieneo ya hewa kule haifiki asilimia 1 ya hii yetu.

Nidhamu hiyo ya kutenganisha ishara na tafsiri yake ndiyo iliyokosekana kwenye vichwa vya habari vya Lotikipi. Kifaa chenyewe, tukubali, hakihami kizima kizima: rada hupenya kilomita za barafu ya Mirihi kwa sababu ni kavu na baridi mno, lakini udongo wa Turkana wenye unyevu na chumvi huimeza upesi. Kinachohama ni jicho la msomaji.

Kwa hiyo naunga mkono masomo haya, ila yakae ndani ya jiolojia na taaluma ya maji, na tasnifu ya Mirihi iwe na sura inayosoma data za Turkana au Marsabit pamoja na vipimo vya visima vilivyokwisha kuchimbwa. Suala la ajira litabaki, lakini mtu wa namna hiyo anaajirika na kaunti.

Na mlango upo. MARSIS na mwenzake SHARAD, iliyo kwenye chombo cha Marekani kinachozunguka Mirihi, ni rada za Waitaliano, na Waitaliano hao wako Ngomeni, Malindi, na kituo chao cha anga tangu miaka ya 1960. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa pwani hiyo Desemba 12, 1970. Mkataba wa Kenya na Italia uliotiwa saini 2016 unataja elimu na mafunzo kwa Wakenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kiombe nafasi za usomaji wa rada kwa jina, pamoja na kifungu kinachomrudisha mwanafunzi nyumbani kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu.